Padri Alikuwa Kii Gani

Doto, ambaye sasa ndiye mpiga kinanda wa parokia yetu, aliniomba niwaandikie ninyi vijana mambo ya kazi. Alitaka mbinu. Nimekaa na karatasi hizi hapa Kambarage siku kadhaa, na kila nikianza mbinu najikuta naandika habari za Padri Fintani, kwa hiyo nimeacha kushindana nazo. Mshahara sitautaja, maana wenye parokia wataona aibu, na mimi pia. Vyeo havikuwepo. Nilianza kazi nikiwa mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda, nimestaafu mwaka huu nikiwa mwalimu wa kwaya na mpiga kinanda. Kilichobadilika ni magoti tu.

Nilikuja Shinyanga kutoka Ushirombo, kwa wazazi wakulima, Wasumbwa ambao hawakukosa misa wala palizi. Muziki nilikuwa nimeusoma chuo cha ualimu, na niliujua zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye vidole. Siku ya kwanza nikaonyeshwa kinanda cha kupuliza kwa miguu kilichowekwa nyuma ya sakristia. Panya walikuwa wamekula mifuko ya hewa. Nilipokanyaga, upepo ulitokea pembeni ukanipeperusha sketi, na sauti haikutoka hata moja. Nikaenda kumtafuta paroko.

Padri Fintani alikuwa Mwairishi, mrefu, mwembamba, mwenye masikio mekundu hata akiwa kivulini. Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kisukuma, kwa sababu alifundishwa na wapishi na wachunga ng'ombe. Nilimkuta mlangoni kwake anakung'uta mabuti. Huo ndio ulikuwa mtindo wake: kila mlango alipiga buti kizingitini, kulia kisha kushoto, matope yawepo yasiwepo, ndipo aingie.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina, mayu. Kinanda kikoje?"

"Kimekufa, Padri."

"Pole sana. Kimekufa katika kii gani?"

Nilidhani ni mtihani wa kazi na kwamba nimeshaufeli.

Kama anayesoma hapa si mpigaji, nieleze kidogo. Kii ni pale wimbo unapokaa, sauti ambayo wimbo huondoka kwayo na kuirudia, kama mtu na nyumba yake. Wimbo uleule ukiuanzia juu zaidi au chini zaidi, umeuhamisha nyumba, na nyumba hizo tunaziita kwa herufi. Ziko kii za meja, ambazo chuoni tuliambiwa ni za furaha, na ziko za maina, tukaambiwa ni za huzuni. Nilikuja kazini na elimu hiyo, ikiwa safi kabisa. Padri Fintani aliivuruga jioni ileile, na mpaka leo haijatulia.

Alitoa kodiani yake ndogo ya vifungo, akaketi barazani, akanieleza kwamba kwao siku ya pili ya Noeli watu hukusanyika jikoni kwa mama yake, na kila kii ni mgeni anayeingia. G ni jirani asiyepiga hodi, anayejua vikombe vilipo. A ni shangazi wa mjini mwenye viatu vipya, anayeongea kwa sauti ili vitazamwe. F ni padri aliyekuja kubariki nyumba akabaki kwa ajili ya nyama. B flati ni polisi aliyekuja kuuliza habari ya kelele, akavua kofia, akapewa kiti. C ni mtoto aliyetoka kuogeshwa. D ni mjomba anayecheza mpaka kiti kivunjike, na D maina ni mjomba huyohuyo asubuhi yake. E maina ni bibi, anayecheka huku machozi yanamtoka, na ukimuuliza analia nini anakwambia ni moshi wa jikoni. Kwa kila mgeni alipiga kipande cha wimbo, na naapa niliwaona wakiingia.

"Na E flati?" nikauliza, maana alikuwa ameiruka.

"E flati ni yule aliyefariki mwaka jana. Kiti chake kipo. Watu wanasimulia vichekesho vyake vibaya kuliko alivyovisimulia mwenyewe."

Nikamuuliza hayo yameandikwa kitabu gani. Akasema hayajaandikwa, yako jikoni kwa mama yake. Uso wake haukunisaidia chochote. Kuna watu wakitania jicho huwatangulia kucheka. La Padri Fintani lilikuwa la mwisho kupata habari. Nilirudi chumbani kwangu sijui kama nimefundishwa au nimechezewa, na hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo katika kazi hii miaka yote.

Noeli yangu ya kwanza hapo aliamua na sisi tuwe na siku ya pili kama ya kwao. Alisema vijana wa kwao huvaa majani makavu mwili mzima, huzunguka nyumba hadi nyumba wakipiga zumari na ngoma, wakidai kitu kwa ajili ya maziko ya ndege mdogo. Nikauliza ndege amekufa kwa nini. Akasema, "Hakuna anayejua, ndiyo maana tunacheka." Basi kwaya ikavaa majani ya mpunga, na Padri mbele na kodiani, tukaingia mitaa ya Kambarage. Nyumba ya kwanza walifunga mlango. Ya pili walitufungulia mbwa. Ya tatu baba mmoja alidhani tunakusanya zaka, akatupa maelezo marefu kwa nini mwaka huu hakulipa. Mwishowe mama mmoja wa Kisukuma alitutazama, akacheka, akasema, "Kumbe na Wazungu wana ngoma zao za mashindano!" akatupa jogoo. Wimbo tuliokuwa tunaimba ni wa kwao Padri, maneno ya Kiswahili niliyaweka mimi, habari za ndege na jogoo na mlango usiofunguliwa. Tukauimba kila mwaka baada ya hapo, mitaani tu, kanisani haukuwahi kuingia. Siku zote tuliupiga D, kii ya mjomba.

Baadaye parokia ikapata kinanda cha umeme, chenye kibonye cha kuhamisha kii, na hapa nina neno na ninyi vijana. Najua mnachofanya. Mnapiga kila wimbo kwenye C, vibao vyeupe tu, mkitaka kwenda juu mnabonyeza kuongeza, mkitaka chini mnabonyeza kupunguza. Kisha mnaenda nyumbani bila kurudisha sifuri. Jumapili mwenzenu anaketi, anaanza wimbo wa mwanzo, na sauti ya kwanza wote wanapaa mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Imenipata mimi, imempata Doto, na wewe itakupata. Tazama sifuri kabla hujaketi. Hiyo ndiyo mbinu pekee ninayoiamini moja kwa moja. Padri alipokiona kile kibonye alikitazama, akasema, "Kwa hiyo wageni wote sasa wanavaa nguo za mtoto mmoja?" Kwa mara nyingine sikujua kama ni lawama.

Kazi yangu ngumu kuliko zote ilikuwa kigango cha Mwakitolyo, kwa wachimbaji wadogo. Kanisa lilikuwa la miti na maturubai, na nyuma yake tu, hatua chache, zilikuwa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wenyewe walisema jiwe halijui Jumapili, kwa hiyo zilisaga wakati wa misa pia. Kwaya yake ilikuwa ya watu kutoka kila kona ya nchi, wanaapolo wanaoshuka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wauza mitumba, mafundi. Wenye sauti nzito waliongozwa na Masanja, Msukuma mnene, fundi wa karasha, ambaye akiimba benchi linatetemeka.

Nilifika na kinanda, betri na mwongozo wangu wa kwaya, nikaanza wimbo kwenye D. Ubeti wa pili walikuwa wamepanda. Wiki iliyofuata nikaanza kwenye E flati, ambayo ni kibao cheusi cha jirani, juu ya D. Ubeti wa pili walikuwa wameshuka. Nikawafokea. Niliwafokea miezi mingi, nikawafanyisha mazoezi ya ngazi mpaka wauza mitumba wakaanza kusingizia mizigo. Ni Padri aliyegundua. Alinyamaza katikati ya mahubiri, akainamisha kichwa, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, nani yule anaimba besi huko nje?"

Ilikuwa karasha. Mlio wake ulikaa pale katikati, juu kidogo ya D na chini kidogo ya E flati, mahali ambapo kinanda hakina kibao. Watu wale waliusikia tangu wanaamka mpaka wanalala, ukawaingia masikioni, na koo zao zilikuwa zinaufuata bila wao kujua. Kinanda kina sehemu ya kukaza na kulegeza sauti kidogokidogo, nikaijaribu. Lakini karasha ikipakiwa mawe inashuka, mawe yakisagika inapanda. Nilikuwa kama fundi cherehani anayempima mtoto anayekimbia. Juzijuzi Doto alikwenda huko na simu yake yenye kipimo cha sauti, akaniletea picha: sindano imesimama kati ya D na E flati, inatetemeka.

"Zima kinanda, Mwalimu," Masanja aliniambia siku moja. "Sisi tutaimba tu."

"Nikikizima, nimefuata nini hapa?"

Na kweli sikukizima. Niliongeza sauti ili niwavute kwangu. Karasha ikavuta kwake. Kwaya ilikuwa katikati inateseka, na Padri kule mbele amefumba macho kama mtu anayesali, ingawa mabega yalikuwa yanacheza.

"Mwalimu, unapigana na karasha?" akaniuliza tukirudi.

"Ndiyo, Padri."

"Nani anashinda?"

Nilikuwa na hasira, nikatazama pembeni. Akaanza kunieleza kwamba kwao kuna zumari ya mfuko wa ngozi, yenye bomba moja lisilobadilika, linalolia sauti ileile tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Alisema bila bomba hilo wimbo unakosa pa kuegemea. Nikamuuliza kwa ukali, basi hiyo kii ya Mwakitolyo, isiyo D wala E flati, ni mgeni gani jikoni kwa mama yake? Alifikiri mpaka tukapita kona mbili.

"Huyo hajaingia," akasema. "Bado yuko mlangoni, anakung'uta viatu."

Nikaona amechoka, ameishiwa na wageni.

Kulikuwa na mama mmoja pale Mwakitolyo, Bi Mwanahawa, Mzaramo, Mwislamu, mpika wali ambao watu waliacha mchanga wa dhahabu kuufuata. Padri alikuwa na jambo lililomsumbua. Alikuwa amezika watu wengi hapa, ameona mtani anavyokuja msibani, anavyovaa nguo za marehemu, anavyomwiga na kumsema, na wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Alisema kwao pia ni hivyo, maiti anakaa nyumbani na watu wanamtania kwa upendo mpaka anapotoka, na mtu akizikwa bila kutaniwa ni kama hakuwa na mtu. Na yeye mtani wake ni nani? Waimbaji wakamwambia, wakicheka, kwamba ameshakuwa Msukuma, na watani wa Wasukuma ni Wazaramo. Wao walisema kwa mzaha. Padri akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye banda la wali, akakung'uta mabuti ingawa sakafu ilikuwa mchanga mtupu.

"Bi Mwanahawa, nimeambiwa wewe ni mtani wangu."

"Kasema nani?"

"Hawa. Wanasema mimi Msukuma."

Bi Mwanahawa alishika kiuno, akamtazama toka juu mpaka chini. "Msukuma gani huyu, masikio kama yamechemshwa? Haya kaa. Na hiyo kofia uivue, hapa si kwa askofu."

Sijawahi kumwona mtu akifurahia kutukanwa namna ile. Tangu siku hiyo, kila akifika, Bi Mwanahawa alipaza sauti toka mbali: "Mtani, bado hujafa tu? Mabuti hayo nayasubiri mie!" Naye alijibu kwamba kwa wali anaokula pale, hatasubiri sana. Watu wa Mwakitolyo walicheka mpaka wakazoea. Mimi sikuzoea. Nilikuwa naogopa maneno ya kifo, na kila wakitaniana nilishika rozari.

Kisha duara moja liliporomoka, na mwimbaji wetu mmoja wa teno, sauti ya juu ya wanaume, akabaki chini. Walimtoa, lakini si hai. Huko ni desturi kwamba siku ya msiba karasha zote huzimwa. Mimi, Mungu anisamehe, nilipofika makaburini na kinanda changu na kukuta kimya, nilifikiri leo angalau kwaya itanifuata. Nikapiga D. Hawakuweza kuanza. Walifungua midomo na kufunga, wakatazamana, kwa maana ile sauti waliyozoea kuiegemea haikuwepo. Mama wa marehemu alikuwa amekaa chini, hajatoa chozi tangu mwanawe aletwe, macho makavu kabisa. Ndipo Masanja akafunga mdomo, akaanza kuguna puani, mmm, mlio wa karasha, palepale penyewe. Wenye besi wote wakamfuata. Mlio ukajaa kaburini, kwaya ikashika wimbo juu yake, na yule mama akalia kwa sauti kubwa, wanawake wakamkumbatia. Mimi nilikuwa bado napiga D yangu kwa chinichini, nikiamini kwamba nasaidia.

Baada ya hapo ikawa desturi ya Mwakitolyo. Mashine zikizimwa kwa msiba, wenye besi wanaguna badala yake. Padri alisema, "Sasa mmenipa bomba langu." Alisema akiwa amenigeuzia mgongo, kwa hiyo sikuona kama analia au anacheka, na kwa mtu yule hata ningeona isingesaidia.

Aliugua mwaka jana. Walitaka kumrudisha kwao, akakataa, akasema huko wote waliokuwa wanamjua wameshakuwa E flati. Nilikwenda kumwona nyumba ya mapadri. Masikio yake yalikuwa meupe, na hilo liliniumiza kuliko mengine yote.

"Mwalimu," akasema, "siku yangu usinipige E maina. Yule bibi ana kazi nyingi."

"Usiseme hivyo, Padri."

"Na ule wimbo wa ndege. Ule. Unipige kwenye kii yangu."

"Ipi?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakohoa, mtawa aliyekuwa akimwuguza akaleta maji na kunitazama vibaya. Nikangoja anywe.

"Ipi, Padri?"

"We niahidi."

Nikamwahidi. Sielewi mpaka leo kwa nini mtu mzima anaahidi kitu asichokijua, lakini alikuwa ameshika mkono wangu. Siku chache baadaye tukapata habari kwamba amefariki.

Mwenyekiti wa walei, Mzee Kashindye, alikuja kwangu kabla hata turubai la msiba halijafungwa. Ni mtu mwema, mwenye koti la misa na koti la mikutano.

"Mama Kabula, askofu anakuja. Nyimbo zote ziwe za huzuni. Maina tupu."

"Padri mwenyewe alisema hataki maina, Mzee wangu."

"Alisema kwa mzaha."

"Wewe ulijuaje?"

Hakujua. Hakuna aliyejua. Akaondoka akisema basi walau yule mama wa wali asilete vituko kaburini, watu wa jimbo wasije wakatuona hatuna adabu.

Nikaenda kanisani peke yangu, mchana, nikaketi kwenye kinanda na kuupiga wimbo wa ndege katika kila kii niliyoijua, bila kugusa kibonye cha kuhamisha. Kwenye F ulikuwa na heshima mno, sikumwona ndani yake. Kwenye G aliingia jirani, akaenda kwenye vikombe. Kwenye D nilimwona anacheza mitaa ya Kambarage na majani ya mpunga, lakini mtu huyo alikuwa mzima, na huyu amelala kwenye sanduku. Kwenye E flati niliona kiti kitupu, nikalia juu ya vibao mpaka kinanda kikatoa mlio wa ovyo. Hiyo nayo haikuwa yeye, maana yeye asingekubali kuwa kiti tu. Miaka yote ile nilikuwa nimempigia, na sikujua alikuwa nani. Na kesho nikikosea, mtu pekee wa kunisahihisha ndiye tunayemzika. Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Siku ya mazishi watu walijaa uwanja wa parokia mpaka barabarani. Wa Mwakitolyo walikuja na malori, wamevaa mashati safi yenye mikunjo ya dukani. Masanja alinifuata pale nilipoweka kinanda, karibu na kaburi, akaniamkia.

"Shikamoo, Mwalimu. Karasha tumezizima zote. Leo huko kimya kabisa."

"Marahaba, Masanja. Ahsanteni."

"Tutaimba nini?"

"Wimbo wa ndege."

Alinitazama, akatazama walipoketi askofu na Mzee Kashindye, akarudi kwa wenzake. Misa ikaisha vizuri, nyimbo za misa nilizipiga kama zilivyoandikwa. Jeneza likaletwa kaburini. Nikakiwasha kinanda, nikatazama sifuri, nikaweka mikono juu ya vibao, na vidole havikujua pa kwenda.

Ndipo watu wakaanza kupisha njia upande wa lango. Alikuwa Bi Mwanahawa. Amevaa khanga zake, juu yake kofia ya Padri, na miguuni mabuti ya Padri, makubwa mno, anayaburuta. Sijui nani alimpa. Nadhani ni yule mtawa. Mzee Kashindye alinyanyuka, kisha akamwona askofu ametulia, akaketi. Bi Mwanahawa akaja na ule mwendo wa Padri, mabega mbele, shingo ndefu, mpaka kwenye ukingo wa kaburi. Hapo akasimama. Akapiga buti la kulia kwenye ule udongo uliofukuliwa. Akapiga la kushoto.

Watu walilipuka. Sijui niite kicheko au kilio; kilikuwa kitu kimoja kikitoka kwenye vifua vya watu wengi. Mtawa alikuwa amejifunika uso. Mzee Kashindye alikuwa amekunja midomo na machozi yanaingia kwenye koti la misa.

"Mtani!" Bi Mwanahawa akaliambia jeneza. "Unajilaza humo nani akuone? Juzi ulituma neno unakuja kula wali. Nimepika, nimefunika, nimengoja. Toka! Msukuma gani hashibi nyumbani kwake anakimbilia shimoni? Huku hakuna dhahabu, baba, watu wameshachimba, hakuna kitu!"

Wanaapolo walicheka kwa uchungu, maana hilo lilikuwa lao. Kisha sauti ya Bi Mwanahawa ikakatika. Akashika kofia. "Haya," akasema taratibu, "haya, mtani. Mabuti nimepata."

Ukimya ulipoingia, Masanja alifunga mdomo na kuguna. Wenye besi wakamfuata, nyuma kule, kisha kati, kisha wote wa Mwakitolyo, wanaume kwa wanawake, mmm, ule mlio. Kwaya yangu ya mjini, ambayo haijawahi kuishi na karasha, ikageuka kuwatazama, ikaingia. Mtu mmoja akaanza wimbo wa ndege, polepole, haukuwa wa kucheza wala wa kuomboleza.

Nikagusa D. Haikukaa. Nikagusa E flati. Haikukaa. Mjomba huku, kiti kitupu huku, na wimbo wenyewe ulikuwa unapita katikati yao, mahali nilipopigana napo miaka yote, pale mlangoni, na mbele yangu mama wa wali amesimama na mabuti yaliyokung'utwa. Nikashusha sauti ya kinanda mpaka sifuri, nikaweka mikono mapajani.

Bi Mwanahawa alikuja kuketi kwenye benchi langu, maana mabuti yalikuwa yamemlemea. Akajifuta uso kwa upindo wa khanga.

"Mwalimu, mbona hupigi?"

"Haimo humu, Bi Mwanahawa."

"Nini?"

"Kii yake. Aliniambia nimpige kwenye kii yake, nikamwahidi. Humu haimo."

Alikitazama kinanda toka mwanzo wa vibao mpaka mwisho, vyeupe na vyeusi.

"Vyote hivi?"

"Vyote."

"Na yeye alijua?"

Nikakumbuka alivyocheka mpaka akakohoa. "Alijua."

Bi Mwanahawa akatikisa kichwa, kofia ya Padri ikamshukia mpaka machoni. "Basi amekuweza," akasema.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti mbele ya askofu, machozi yananidondokea mikononi, mikono imelala mapajani, na wimbo ukaendelea bila mimi mpaka mwisho.